Kwenda kuwinda na mashine ya CPAP: jinsi ya kulala na kupumua vizuri porini

Wawindaji wengi tuliopimwa tukakutwa na apnea ya usingizi, yani pumzi kukatika ukiwa umelala, tuna kosa moja linalofanana, ikifika safari ya porini siku nne tano tunaiacha nyumbani mashine ya CPAP, ile inayotusukumia hewa usiku, tunasema ah ni siku chache tu ntavumilia, mashine yenyewe inataka umeme, na wenzangu wataniangaliaje nikivaa ile maski. Mi nimefanya hivo misimu miwili mfululizo. Msimu wa pili, asubuhi ya siku ya tatu, niko juu ya dungu kwenye mti, raifo iko mapajani ina risasi, nikashtuka jua limeshapanda na sijui nimesinzia dakika ngapi, na mkanda wa kujifungia kwenye mti uko ndani ya begi. Nlishuka mikono inatetemeka. Toka siku hiyo mashine naihesabu ni kifaa cha kuwindia, inapakiwa kabla ya bunduki, na haya ntakayoandika ndo nliyojifunza tangu hapo, mengine kwa kusoma na mengi kwa kukosea, na nayaandika kwa sababu sitaki mtu mwingine ajifunze akiwa juu ya mti.

Kinachotokea usiku

Ukilala misuli ya koo inalegea, ni kawaida kwa kila mtu, ila kwa mwenye apnea inalegea mpaka njia ya hewa inajibana au inaziba kabisa, unakaa sekunde kumi na kuendelea hupumui, oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unakushtua kidogo uvute hewa, unavuta, unalala tena, alafu inajirudia. Madaktari wanahesabu inajirudia mara ngapi kwa saa, kuanzia 5 mpaka chini ya 15 wanaita nyepesi, 15 mpaka chini ya 30 ya wastani, 30 kwenda juu ni kali. Piga hesabu mwenyewe, mara 30 kwa saa maana yake kila dakika mbili unashtuliwa, usiku kucha, na asubuhi hukumbuki hata moja, unachojua ni kwamba umeamka umechoka na kichwa kinauma.

Mashine ya CPAP aliibuni daktari Colin Sullivan na wenzake kule Sydney, Australia, wakaitangaza 1981, na wazo lake halijabadilika mpaka leo: feni ndogo inasukuma hewa kupitia mpira (bomba laini) na maski, ile presha inalishikilia koo lisijifunge. Presha inapimwa kwa sentimita za maji na mashine nyingi zinafanya kazi kati ya 4 na 20. Sasa shika hili moja maana ntalirudia: CPAP haitengenezi oksijeni. Inavuta hewa ile ile iliyoko kwenye hema lako inakusukumia puani, kama hema lina moshi basi unaletewa moshi.

Na porini apnea inaweza kuzidi kuliko nyumbani, hilo wengi hawalijui. Unalala chali kwa sababu begi la kulalia ni jembamba na huwezi kugeuka, pua imeziba kwa vumbi na baridi, umekula umeshiba usiku sana, umechoka mwili wote, na jioni kwenye moto chupa inazunguka. Pombe inalegeza koo zaidi na inauchelewesha ubongo kukushtua, kwahiyo ule muda wa kukosa hewa unarefuka. Vivyo hivyo dawa za usingizi, na dawa kali za maumivu za jamii ya morfini. Kama usiku huo huna mashine, pombe usiguse kabisa, hapo sina namna nyingine ya kusema.

Umeme ndo kazi yenyewe

Watu wanauliza ninunue betri gani. Swali la kwanza sio hilo, swali la kwanza ni mashine yako inakula kiasi gani, na jibu lake haliko kwenye kibandiko cha chaja. Chaja imeandikwa wati 65 au 90 lakini hicho ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, sio kile mashine inachokula usiku. Kinachokula sana umeme ni joto: kile kitenki cha maji cha kutia hewa unyevu (hyumidifaya) kina sahani ya kuchemshia chini yake, na kuna mipira mingine ina waya wa joto ndani. Feni yenyewe haili sana. Mashine ikiwa na presha ya kawaida kama 10 hivi, joto lote limezimwa, mara nyingi inakula wastani wa wati 10 au chini au juu kidogo. Ukiwasha joto mashine hiyohiyo inaweza kufika wati 40, 50, kukiwa na baridi hata zaidi.

Hesabu yake ni rahisi, wati mara masaa. Wati 10 mara masaa 8 ni wati-saa 80 kwa usiku mmoja, safari ya siku nne ni 320, ongeza theluthi ya akiba kwa sababu baridi na maski inayovujisha zinaongeza ulaji, unafika kama 430. Sasa fanya na joto limewashwa, wati 45 mara 8 ni 360. Umeona? Umeme wa siku nne umeisha usiku mmoja. Ndo maana mtu anabeba betri kubwa, saa nane usiku mashine inazima, anaamka anakabwa, anailaumu betri wakati betri haina kosa.

Kwahiyo kabla hujanunua chochote, wiki mbili kabla ya safari, weka mashine nyumbani kwenye hali ya porini: zima joto la maji, zima joto la mpira, weka mashine kwenye hali ya ndegeni ili isikae inatafuta mtandao usiku kucha, punguza mwanga wa skrini. Weka kimita cha wati kati ya plagi na chaja, lala usiku mzima, asubuhi soma. Hiyo namba ndo yako, sio yangu wala ya jirani yako. Alafu ukishapata betri, usiku mwingine lala na betri yenyewe na nyaya zenyewe utakazobeba, tena ikiwezekana lala nje ndani ya hema kuwe na baridi. Usiku mmoja hautoshi, lala miwili bila kuchaji. Kama kuna waya umelegea au adapta haiendani utaigundua ukiwa hatua ishirini kutoka kitandani kwako. Mi nliwahi kugundua nimebeba kebo ya mashine yangu ya zamani nikiwa kambini tayari, gari limeshaondoka, na usiku ule nlilala nimekaa nimeegemea shina la mti.

Sasa betri. Betri ya asidi kama ya gari, volti 12 ampea-saa 100, kwa makaratasi ni wati-saa 1,200 lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwahiyo ihesabu kama 600, na uzito wake unakaribia kilo 30. Inafaa tu kama gari linafika mpaka kambini. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya ukubwa huohuo ina uzito chini ya nusu ya hapo na unaweza kuitumia karibu yote. Kwa mwindaji wa siku tatu nne asiyetumia joto, LiFePO4 mbili za ampea-saa 20, kila moja ina wati-saa kama 256, zinatosha watu wengi, na faida ya kuwa na mbili ni kwamba moja ikigoma hujabaki mikono mitupu. Mimi napenda mbili ndogo kuliko moja kubwa, siku zote.

Namna ya kuunganisha ndo inaharibu watu. Mashine ndani yake inatumia umeme wa betri (DC), ile chaja ya ukutani kazi yake ni kuubadilisha umeme wa nyumba kuwa huo. Ukichukua betri ukaweka inveta, inveta ikapandisha umeme, chaja ikaushusha tena, njiani umepoteza asilimia kumi mpaka ishirini na kitu, na inveta yenyewe inakula hata mashine ikiwa imelala. Tafuta kebo ya DC ya mashine yako. Hapa uwe makini sana: mashine nyingine zinataka volti 12, nyingine 24. ResMed AirSense 10 na AirSense 11 ni za volti 24, kwahiyo kwenye betri ya 12 unahitaji konveta yake ya kupandisha, usichomeke moja kwa moja. Geuza mashine, soma nyuma imeandikwa volti ngapi, alafu soma na kwenye konveta, alafu soma tena. Kama lazima utumie inveta chukua ile inayotoa wimbi safi (pure sine wave), zile za bei rahisi za wimbi la ngazi-ngazi zinaweza kuharibu hyumidifaya na chaja.

Betri ya kuwashia gari iache. Najua inavutia, iko pale imejaa umeme, lakini asubuhi gari lisipowaka na mko mbali na barabara mmejiletea balaa lingine kabisa. Kama unataka umeme wa gari tumia mchana gari likitembea, liichaji betri yako ya mashine, usiku kila mtu na lake.

Sola inasaidia kambi ikikaa sehemu moja. Paneli iliyoandikwa wati 100 itakupa labda 60 au 70 kwenye jua zuri, masaa manne matano unapata wati-saa 240 mpaka 350, zinatosha usiku mmoja au zaidi bila joto. Ila lazima iwe juani kweli, kivuli cha tawi moja kikipita kwenye kona ya paneli umeme unaporomoka, na msituni jua lenyewe linakuja kwa vipande. Isogeze mara mbili tatu kwa siku au mpe kazi hiyo anayebaki kambini.

Jenereta na majiko ya gesi ndani ya hema

Hili nalitenga peke yake kwa sababu linaua. Jenereta inatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na filta ya CPAP haiizuii hata kidogo. Ukumbuke nlichosema juu, mashine inavuta hewa ya hema na kukusukumia. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka kwenye hema, zaidi ni bora, upande ambao upepo unatoka hemani kwenda kwenye jenereta na sio kinyume, na bomba la moshi liangalie nje. Mkishachaji izimeni, msilale ikiunguruma. Na jiko la mkaa au la gesi la kuotea moto ndani ya hema lililofungwa, hapana, hata kama baridi ni kali vipi. Kuna kengele ndogo za betri zinazopiga kelele zikinusa kaboni monoksaidi, weka moja ndani ya hema, ni nyepesi na haichukui nafasi.

Kwa wanaotembea na mzigo mgongoni

Kama kambi yako inafikiwa kwa miguu, mashine ya mezani na betri zake ni mzigo wa kweli, na hapo ndo mashine ndogo za safari zinapofaa. ResMed AirMini kwa mfano ina uzito wa gramu 300 hivi, haina tangi la maji, unyevu inaupata kwa kifilta cha kwenye maski kinachoshika unyevu wa pumzi yako na kukurudishia. Betri ya wati-saa 90 na kitu inaweza kukupeleka usiku mmoja, watu wengine miwili, inategemea presha yako. Ila jua kwamba ndogo zina kelele kiasi na sio kila maski inaingiliana nazo, ile AirMini inataka maski zake maalum. Ijaribu nyumbani wiki nzima kwanza.

Ukinunua mashine iliyotumika ili iwe ya safari, angalia namba zake. Juni 2021 Philips Respironics waliziita mashine nyingi sana zirudi kiwandani, ikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ndani yake ilikuwa inaweza kumomonyoka na vipande kuingia kwenye hewa unayovuta. Ziko bado zinazunguka mikononi mwa watu. Na usiwashe mashine ya mtu mwingine kwa presha yake, presha ni ya kwako na daktari wako.

Ukisafiri kwa ndege betri za lithiamu za akiba zinapanda na wewe, hazipelekwi kwenye mizigo ya chini. Mpaka wati-saa 100 kwa kawaida hakuna shida, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege na mwisho ni mbili, kuvuka 160 hazipandi ndege ya abiria. Kwahiyo zile LiFePO4 za 256 haziruki, panga kuzikuta huko unakoenda. Funika ncha zake na utepe zisigusane na chuma. Mashine nayo beba mkononi, isiende chini na bunduki, na uwe na barua ya daktari inayoeleza ni kifaa cha tiba.

Baridi, maji na kukauka kwa koo

Ukizima joto wengi wanaogopa koo litakauka. Wengine litawakauka, wengine wala. Unaweza kuacha maji kwenye tangi bila kuyachemsha, hewa ikipita juu yake inachukua unyevu kidogo na hailipii umeme hata wati moja. Maji ya kuchemka yaliyopoa au ya chupa yanafaa kwa siku chache, yaliyosafishwa kwa mvuke ndo bora kwa sababu hayaachi chumvi. Maji ya mto au ya dimbwi usiweke hata kama yanaonekana meupe, hayo unayapulizia mapafuni. Dawa ya maji ya chumvi ya kupuliza puani kabla ya kulala inasaidia kuliko watu wanavodhani, maana pua ikiziba unafungua mdomo, na mdomo ukifunguka presha yote inatokea hapo.

Kama kuna baridi ya kugandisha maji, usiweke maji kabisa, na asubuhi hakikisha tangi ni kavu. Mpira wa hewa ukikaa kwenye baridi wakati pumzi na hewa ndani yake ni ya joto, maji yanajikusanya ndani, unaamshwa na matone usoni au na sauti ya kububujika. Pitisha mpira ndani ya begi la kulalia ubavuni mwako, au uvalishe soksi ndefu ya kitambaa, na mashine yenyewe ikae chini kuliko kichwa chako ili maji yakijikusanya yarudi huko yasije puani, ila kama tangi lina maji mashine ikae sawasawa isiinamishe ikajimwagia kwenye mota.

Betri nazo zinachukia baridi. Ilaze ndani ya begi la kulalia karibu na miguu au ifunike na sweta juu ya mkeka, isikae kwenye udongo mtupu. Lithiamu ikiwa chini ya nyuzi 0 inaweza kutoa umeme, japo unapungua, lakini kuichaji ikiwa imeganda kunaiharibu moja kwa moja, kwahiyo asubuhi iache ipate joto kwanza ndo uiunganishe na sola.

Maski, ndevu na rangi ya usoni

Hapa ndo mwindaji anatofautiana na mgonjwa mwingine yeyote. Siku ya tatu porini ndevu zimeota, na ndevu fupi zinazochoma ndo mbaya kuliko ndefu, silikoni haikai, hewa inavuja, feni inazunguka kwa nguvu kufidia, betri inaisha mapema na macho yanakauka kwa hewa inayopulizwa juu. Ama nyoa kila jioni ule mstari maski inapokaa, ama tumia maski ya vijipira vya puani tu ambayo haina habari na mashavu. Mimi nliingia kwenye ya puani kwa sababu hiyo na sijarudi nyuma, ila kama unapumua kwa mdomo haitakufaa bila mkanda wa kidevu.

Rangi ya kujificha usoni, mafuta ya jua, dawa ya mbu, vingi vina mafuta, vinatelezesha maski na vinaweza kuichakaza. Osha uso vizuri kwa sabuni isiyo na harufu kabla ya kuvaa, na dawa ya mbu usipake kwenye ngozi itakayoguswa na maski. Sabuni hiyohiyo isiyo na harufu ndo ya kuoshea maski asubuhi, si unajua wanyama wananusa, na maski ndo kitu kinachokaa usoni kwako masaa nane. Kama hakuna maji ya kutosha, kitambaa chenye maji kidogo bila manukato kinatosha kufutia.

Beba mto wa maski wa akiba. Ni kitu kidogo cha silikoni kinachokaa kwenye kiganja, kikipasuka huna safari. Na filta za akiba mbili tatu, kambini vumbi na majivu vinajaza filta ya mwezi mzima ndani ya siku mbili, ukiona imekuwa ya kijivu badilisha. Mashine isilale upande wa moto hata kidogo, moshi unaupumua wote. Iweke juu ya boksi au kiti kidogo, isikae chini, na mchana irudishe ndani ya begi lake na zipu ifungwe, ncha ya mpira izibe na soksi safi. Mchwa, sisimizi, buibui, panya, vyote vinapenda kitundu chenye giza. Kila jioni kabla ya kuvaa kung'uta mpira na uchungulie ndani na tochi. Mi nlimkuta buibui mara moja, toka hapo sijaruka zoezi hilo.

Milimani

Mashine nyingi zimeandikiwa kufanya kazi mpaka kama mita 2,300 au 2,600 juu ya bahari, angalia kitabu cha yako. Za kisasa zinajirekebisha zenyewe kwa mwinuko, za zamani sana hazijirekebishi na zitakupa presha pungufu. Lakini juu huko kuna jambo lingine, ukilala kwenye mwinuko mkubwa hata mtu mzima wa afya anaweza kuanza kupumua kwa mawimbi, anapumua haraka, anasimama, anapumua haraka, kwa sababu hewa ni nyembamba na ubongo unachanganya hesabu. Hiyo koo halijaziba, kwahiyo presha ya CPAP peke yake haiimalizi. Kama unaenda kuwinda juu sana, ongea na daktari wako kabla, kuna dawa kama asetazolamaidi ambayo anaweza kuona inakufaa, na upande polepole, sio siku moja kutoka bondeni mpaka kileleni.

Waambie mnaolala nao

Nliona aibu muda mrefu, na aibu hiyo haikuwa na maana yoyote. Mashine nzuri inatoa sauti ya desibeli 25 mpaka 30, ni mnong'ono, wakati kukoroma kwangu kulikuwa kunawaamsha watu wa hema la pili. Usiku wa kwanza niliovaa maski wenzangu walilala, wote, na asubuhi ndo walionishukuru. Waambie una apnea, waonyeshe jinsi ya kuwasha mashine na kukuvalisha maski ukiumia ukashindwa mwenyewe, waambie wasikupe dawa kali ya maumivu bila kujua hilo, na karatasi yenye presha yako na aina ya maski ikae kwenye begi la huduma ya kwanza. Kama unatumia na oksijeni inayoingia kwenye mashine, hapo moto, sigara na taa ya mafuta vikae mbali kabisa na hema.

Umeme ukiisha

Itatokea siku moja. Kama unajua chaji haitafika asubuhi usiipoteze yote saa za mwanzo ukiwa bado unaongea na watu, iweke kwa zile saa za alfajiri, kwa wengi apnea inazidi kwenye usingizi wa ndoto na huo unakuwa mrefu kuelekea asubuhi. Saa zilizobaki lala ubavu, shona au funga kitu kigumu mgongoni kwenye shati, mpira mdogo au soksi iliyoviringwa, ukigeuka chali kinakusukuma urudi. Inua kifua na kichwa pamoja kwa begi na magogo, sio mto chini ya shingo tu, huo unalikunja koo na kuzidisha. Kama daktari wa meno alikutengenezea kile kifaa cha kuvuta taya mbele, kibebe kama akiba, hakili umeme. Vile vibandiko vya puani vinafungua pua tu, apnea haviitibu, usijidanganye navyo.

Na kesho yake usipande dungu. Kaa chini, kwenye maficho ya ardhini, bunduki bila risasi chemba mpaka umuone mnyama, na uwe na mwenzako. Ukiwa umelala vizuri pia, juu ya dungu mkanda unafungwa kabla miguu haijaacha ardhi. Siku ya kurudi nyumbani kama usiku wa mwisho hukulala na mashine mpe mwingine usukani, sio kwa kubishana, mpe tu. Ukiwa peke yako lala mchana kwanza na maski usoni, kwa betri ya mashine uliyoichaji na gari, injini ikiwa imezimwa na madirisha yako wazi, alafu ndo uanze safari.

Ukifika nyumbani mashine usiitupie kabatini na vumbi lake. Mwaga maji, osha tangi, maski na mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, anika kivulini vikauke kabisa, tupa filta, jaza betri LiFePO4 nusu hivi kama hutaitumia miezi. Alafu toa kadi au fungua programu ya mashine uangalie namba za zile usiku za porini, mara ngapi kwa saa, maski ilivuja kiasi gani, ulilala masaa mangapi, uzilinganishe na za nyumbani. Zangu za safari ya kwanza na mashine zilionyesha maski ilivuja vibaya usiku wa tatu, ndo nikajua ni ndevu, na daktari wangu nlipompelekea akanibadilishia maski kabla ya msimu uliofuata.